Ulimi wa Ladan

Siku ya kumi na sita tangu Ladan afunge mdomo, Mwalimu Jentrix Nabwile alifungua daftari lake la sauti ili aone ni wapi hasa mambo yalipoharibikia. Hakuwa mtu wa kukisia. Alikuwa amefundisha Gredi ya Pili katika shule moja ya Tuwan, mjini Kitale, kwa miaka kumi na tisa, na kila muhula alikuwa na daftari jipya: majina ya watoto upande wa kushoto, sauti zimepangwa juu, na katika kila kijumba alama ya mtoto, pamoja na maneno aliyosoma siku hiyo. Walimu wenzake waliandika ripoti kwa kukumbuka sura za watoto. Jentrix aliona sura ya mtoto kuwa ushahidi dhaifu.

Mstari wa Ladan Abdisalam ulikuwa umejaa alama nzuri mpaka Jumanne ya wiki ya tano. Kuanzia Jumatano ulikuwa mweupe.

Si kwamba mtoto alikuwa mgonjwa. Alikuja shuleni kila siku, hijabu imepigwa pasi, penseli imechongwa. Aliandika mwandiko ulionyooka kuliko wa walimu wawili ambao Jentrix angeweza kuwataja. Lakini akiitwa asome kwa sauti alibana midomo na kutazama dawati mpaka aitwe mwingine. Wakati wa mapumziko alikunywa uji akiwa amegeukia ukuta. Muhula ulibakiza wiki tatu, na mtoto asiyesoma kwa sauti hawezi kupimwa; angeanza muhula unaofuata katika kundi la wasiojua herufi, yeye aliyekuwa akimaliza ukurasa kabla wengine hawajaupata.

Jumanne hiyo ilikuwa siku ya th.

Kwa Jentrix, herufi mbili zinazotoa sauti moja zilikuwa mume na mke. Ndivyo alivyozifundisha miaka yote, na watoto walizipenda kwa sababu hiyo.

"Huyu ni nani?" aliuliza akigonga ubao.

"T!"

"Na huyu?"

"H!"

"Wameoana. Wakishaoana, nani anasikika peke yake?"

"Hakuna! Wanaongea pamoja!"

"Na wakiachana, tichaa?" Huyo alikuwa Wekoye, wa dawati la mbele, aliyewekwa mbele kwa sababu zinazojulikana.

"Wakiachana, Wekoye, wewe unarudi Gredi ya Kwanza."

Kila ndoa ilikuwa na mfano wake. Ch ilikuwa tone la maji kwenye sufuria ya moto. Sh ilikuwa mama anayenyamazisha mtoto. Th ilikuwa nyoka aliyechoka: sss, polepole, bila hasira. Watoto arobaini na watatu walichoka pamoja na nyoka huyo, kisha wakasema baada ya mwalimu: samani, mesali, selasini.

Ladan alikuwa amejiunga nao mwanzoni mwa muhula, familia yake ilipohama kutoka Bungoma. Aliitwa asome mstari wa ubaoni. Akasimama wima, akasoma, "Thelathini na tatu," na kila ilipofika th ncha ya ulimi wake ilichungulia katikati ya meno.

"Haki ulimi imetoka, tichaa!" Wekoye alipiga kelele. "Ati the! The! Kama kenge!"

Darasa likalipuka. Jentrix aliwanyamazisha kwa kuwatazama tu; kucheka anayesoma kulikatazwa darasani mwake. Kisha akachuchumaa kando ya dawati la Ladan. "Rudisha ulimi ndani, mama," alimwambia kwa upole. "Meno yafunge mlango. Sema: selasini."

"Thelathini," alisema Ladan.

"Sikiza vizuri. Se-la-si-ni."

"The-la-thi-ni." Alimtazama mwalimu kama mtu anavyotazama saa iliyosimama.

Mara ya tatu ilikuwa vilevile. Jentrix aliandika neno moja katika kijumba, kithembe, na jioni hiyohiyo akampigia simu babake Ladan. Alimweleza kwamba mtoto ana kisembe; neno lenyewe alilitamka hivyo. Akamshauri ampeleke hospitali mapema, maana ulimi wa mtoto hurekebishika akiwa bado mdogo. Siku mbili baadaye ulikuja ujumbe: *Madam, daktari ameangalia. Amesema ulimi uko sawa. Asante kwa kumjali Ladan.*

Sasa, siku ya kumi na sita, Jentrix alikaa katika chumba cha walimu na kusoma maneno, si alama. Mwezi uliotangulia Ladan alikuwa amesoma neno "sita". Alikuwa amesoma sabuni, sisi, sufuria, msasa. Yote safi, hakuna ulimi uliochungulia. Jentrix aliweka kalamu chini. Kaka yake Bramwel alikuwa na kithembe tangu utotoni. Kwake sita ilikuwa "thita", na sisi ilikuwa "thithi", na hakuna s hata moja iliyowahi kupona mdomoni mwake. Kithembe hakichagui neno. Ulimi wa Ladan ulikuwa ukichagua. Ulitoka kwenye thelathini, kwenye thamani, kwenye methali, kisha ukarudi ndani kwenye sabuni. Ulitoka pale tu ambapo ubao ulikuwa na th.

Ulimi mgonjwa haujui kusoma. Huu ulikuwa ukisoma.

"Mwalimu Zachary," alisema, "hebu sema thelathini."

Zachary alifundisha hesabu katika Gredi ya Tano na alikuwa akimenya yai. "Selasini. Kwani kuna mchango?"

"Sema dhahabu."

"Sahabu."

"Polepole."

"Sa-ha-bu. Bana, si unipimie pombe tu, nijue moja!"

Kufikia kengele ya chakula cha mchana alikuwa amewapima walimu kumi na wawili, mpishi, na bawabu. Hakuna hata mmoja aliyetoa ulimi. Kisha akajipima mwenyewe. Alisimama nyuma ya mlango wa stoo, akaweka kidole mbele ya meno yake, akasema thelathini mara tatu. Kidole hakikuguswa na kitu.

Stoo hiyohiyo ndimo vilimokaa vitabu vya mwongozo. Alichukua chake, alichokuwa nacho miaka kumi na tisa. Kurasa za ch na sh zilikuwa na madoa ya chaki na kona zilizokunjika. Ukurasa wa th ulikuwa mpya kabisa. Hakuwahi kuusoma, kwa sababu hakuwahi kudhani kwamba anahitaji. Sauti hiyo alifundishwa na mama yake. Kitabu kilisema kwa mstari mmoja: ncha ya ulimi iwe katikati ya meno ya juu na ya chini, pumzi ipite juu yake.

Alihesabu bila kupenda. Miaka kumi na tisa, kwa watoto wasiopungua arobaini kila mwaka.

Jumamosi alikwenda Bungoma. Mama yake, Nasambu, alikuwa amestaafu baada ya kufundisha madarasa ya chini kwa miaka thelathini na mitatu, na nje kidogo ya mji huo ilikuwa vigumu kununua nyanya bila muuzaji kumwita mwalimu. Jentrix alimkuta barazani akipepeta njugu kwenye uteo.

"Mayi, sema thelathini."

"Umetoka Kitale kuja kunifundisha kuhesabu?"

"Sema tu, mayi."

"Selasini. Selasini na moja, selasini na mbili. Niendelee ama utakunywa chai kwanza?"

Jentrix alieleza yote, kwa mpangilio, pamoja na maneno kutoka kwenye daftari na mstari wa kitabu. Mama yake alimsikiliza kwa uso uleule aliokuwa akiwapa wakaguzi wa shule.

"Chifu nilimfundisha mimi," alisema mwishowe. "Yule wakili wa hapo juu nilimfundisha mimi. Wewe mwenyewe nilikufundisha, na ulikuwa unakula chaki. Kuna mmoja ameshindwa kusoma gaseti?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa kuna mtoto mmoja anajua kuliko sisi wote, na nimemfunga mdomo."

Nasambu aliweka uteo chini. "Nionyeshe hiyo kitu."

Jentrix alitoa ncha ya ulimi, akaibana kwa meno, akapuliza. Mama yake aliegemea mbele akamkagua, kisha akajaribu. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameng'oka mwaka uliotangulia. Ulitoka upepo mtupu, na maganda ya njugu yakaruka kutoka kwenye uteo.

"Niweke katikati ya meno gani?" aliuliza. "Hii ilienda, na hii ikaifuata! Ungekuja mwaka juzi!"

Walicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna mgeni. Nasambu alijifuta macho kwa ncha ya leso. Alipoanza tena kusema sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Mimi nilipewa hiyo sauti na mwarimu Makokha, na sijui yeye alipewa na nani. Hakuna mtu alitaka kudanganya mwingine. Hiyo usilie nayo. Niambie juu ya mtoto. Anaogopa nini?"

"Aliona aibu. Walimcheka."

"Siku ngapi?"

"Kumi na saba leo."

"Hapana. Mtoto wa miaka saba akichekwa, ananyamaza siku mbili. Ya tatu ameona panzi, amesahau. Mimi nimewaona. Huyu anaogopa kitu ingine, na wewe hujauliza."

Ni kweli, hakuwa ameuliza. Jumapili baada ya ibada alikwenda mjini Kitale, kwenye duka la Abdisalam, aliyeuza pazia na mashuka. Abdisalam aliinuka mara alipomwona, akampangusia kiti, akaagiza soda kabla ya kumuuliza habari.

"Madam. Ladan amefanya nini?"

"Ladan hajafanya kitu. Mimi ndiye nimefanya." Akamweleza. Hakupamba wala hakujitetea. Alitaja siku, maneno, na kosa.

"Kwa hivyo hana kithembe," alisema Abdisalam polepole, na ulimi wake ukachungulia kidogo.

"Hana. Alikuwa anasoma vile iko. Na wewe pia unaisema!"

"Hiyo ni kazi ya Ustadh Ubaid, kule madrasa ya Bungoma. Alitufundisha sisi, na juzi amefundisha watoto wetu. Ulimi nje kidogo, ulimi nje kidogo, mpaka unaota."

"Sasa ulijua. Siku ile nilikupigia simu, ulijua."

Abdisalam alichukua pazia lililokuwa limekunjwa tayari, akalikunja upya. "Nilishuku. Lakini madam, wewe ni mwalimu. Mimi nauza pazia. Ukiniambia mtoto ako na shida, mimi ni nani nikukatalie?"

Soda ilifika, Jentrix akaipokea. Alipokunywa kidogo aliuliza swali la mama yake. "Anaogopa nini?"

Abdisalam aliangalia mlangoni, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mteja. Daktari, alisema, aliinua ulimi wa Ladan kwa kijiti akiangalia kama umefungwa kwa chini. Hakuona kitu. Akamwambia nesi kwamba ungekuwa umefungwa wangeukata kidogo, ni kazi ya dakika mbili. Hakuwa anamtisha mtu. Alikuwa anaongea na nesi. Lakini Ladan alisikia neno moja tu.

"Tangu siku hiyo hatuoni ulimi yake," alisema Abdisalam. "Nyumbani anaongea meno yamefungwa. Madrasa amenyamaza. Nimemwambia, mama yangu, hakuna mtu atakukata. Anasema tichaa ndiye alisema uko mgonjwa, na tichaa hakosei."

"Alisema hivyo?"

"Kila siku. Tichaa hakosei. Anakuamini sana, madam."

Jentrix alirudi Tuwan kwa miguu. Alikuwa ameingia dukani akidhani kwamba kazi yake ni kuomba msamaha, na kuomba msamaha ni rahisi: unasema, unaondoka. Sasa aliona kwamba mtoto alikuwa amefanya hesabu, na hesabu yenyewe haikuwa na kasoro. Mwalimu hakosei, mwalimu alisema ulimi ni mgonjwa, ulimi mgonjwa hukatwa, basi ufichwe. Ili ulimi upone, ilibidi mwalimu awe amekosea, na ilibidi mtoto alione kosa hilo kwa macho yake.

Jumatatu aliandika th ubaoni, kubwa, akageuka.

"Wiki ya tano niliwafundisha hawa wawili. Nilikosea."

Darasa lilimtazama. Wekoye alifikiri ni mtego. "Tichaa hakosei," alisema kwa tahadhari.

"Amekosea. Niliwaambia wanasema kama nyoka. Si nyoka. Ladan alisema vizuri, mimi nikamwambia ni vibaya. Daktari ameangalia ulimi wa Ladan akaona ni mzima. Ni mzima kabisa. Hakuna mtu atakayeugusa."

Watoto wote waligeuka kumtazama Ladan. Ladan alikuwa anatazama dawati lake, midomo imebanwa kama kawaida. Jentrix alikuwa ametarajia hivyo, lakini kutarajia hakukumpunguzia uchungu. Mtoto alikuwa amesikia maneno, na maneno alikuwa ameshapewa mengi na baba yake.

"Sasa na mimi najifunza," alisema. "Ulimi katikati ya meno, pumzi inapita juu." Usiku kucha wa Jumapili, na nusu ya asubuhi hiyo, alikuwa amefanya mazoezi. Alivuta pumzi. "Thelasini."

Ya kwanza ilikuwa imetoka, ya pili ikaanguka. Wasichana wa nyuma walijiziba midomo.

"Selathini," alisema Jentrix.

Wekoye alishindwa kujizuia, akacheka, kisha akajishika shingo akingoja adhabu. Haikuja. "Cheka, Wekoye," alisema mwalimu. "Leo ruhusa." Basi darasa zima likacheka, kwa furaha ya watu waliofunguliwa lango. Jentrix alisimama katikati ya kicheko hicho akajaribu tena, na safari hii mate yakamruka mpaka kwenye daftari la Wekoye.

"Tichaa, umeninyeshea!"

"Funika daftari. Narudia." Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na ulimi wake ulikuwa umezoea kukaa nyuma ya meno kwa miaka yote hiyo. Aliutoa, akaubana kwa nguvu, akauuma. Machozi yalimjaa. "The," alisema, na hakuweza kuendelea.

"Hapana."

Sauti ilikuwa ndogo, na ilipita katika kicheko bila watoto wengi kuisikia. Jentrix aliisikia. Hakugeuka haraka. Alijifuta jicho kwa nyuma ya mkono, akatazama ubao, akatega sikio.

"Hapana nini?" aliuliza.

Watoto walianza kutulia, mmoja mmoja, wakijaribu kujua ni nani ameongea. Jentrix alitoa tena ulimi wake wenye maumivu, akaubana vilevile, vibaya vilevile. Hapa hakuwa anaigiza. Hakujua njia nyingine.

"Unauma," alisema Ladan. "Ndiyo maana."

"Nisiume?"

"Usiume. Unaweka tu."

"Nimeweka."

"Hujaweka. Umeuma." Ladan alikuwa amesimama. Kukosewa kwa kitu alichokijua vizuri kulikuwa kunamsumbua kama kokoto ndani ya kiatu. Hilo Jentrix alilitambua mara moja, kwa kuwa yeye mwenyewe aliumbwa hivyohivyo. Mtoto alitembea kati ya madawati mpaka mbele, akainua uso. Mwalimu alichuchumaa ili waonane.

"Fungua mdomo," Ladan aliamuru.

Jentrix alifungua. Ladan alichungulia ndani kwa muda mrefu, paji limekunjamana.

"Meno yako inabonyeza sana. Sema polepole. Usitoe mate."

"Thelathi… thelasini."

"Ona sasa! Umekimbia! Hujangoja ya pili!"

"Wewe unaingojaje?"

Ladan alifikiri. Lilikuwa swali ambalo halina jibu la maneno, na alikuwa mtoto asiyependa kujibu ovyo. Akapiga hatua moja karibu zaidi, akafunua midomo, akautoa ulimi, si ncha peke yake bali wote, mwekundu, mzima, mbele ya mwalimu na watoto wote wa darasa. Akauacha pale nje mpaka alipohakikisha kwamba mwalimu ameuona sawasawa. Kisha akaurudisha taratibu, hadi ikabaki ncha katikati ya meno, na kwa kidole akamwonyesha: hapo.